Mabaka ya Alhamisi

Hebu kila mmoja wenu abonyeze ukucha wa kidole gumba chake. Bonyezeni barabara mpaka uwe mweupe, hesabuni mpaka tano, halafu muachie. Mmeona? Wekundu umerudi kabla hamjamaliza kusema bismillahi. Mimi ni Mkristo, nimezaliwa Newala, lakini miaka ishirini na saba ya uuguzi pale Mingoyo ilinizoesha kupimia bismillahi, maana zahanati nzima ilikuwa na saa moja yenye mshale wa sekunde, na mganga wetu aliivaa mkononi na kwenda nayo kwake. Sasa nendeni mkaubonyeze ukucha wa bibi yenu. Mtamaliza bismillahi, mtameza mate, ndipo mtauona wekundu unajikongoja kurudi. Vidole vyake vikiwa vya baridi utachelewa zaidi. Msishtuke, ndivyo damu inavyotembea kwenye ngozi ya mtu aliyekula chumvi nyingi.

Mmeniomba, nyinyi wauguzi mnaoanza kazi, niwaandikie machache niliyojifunza. Najua mlitarajia habari za kuzalisha, maana kila muuguzi mstaafu hupenda kujisifu kwa watoto aliowapokea. Nami nimewapokea wengi, na baadhi yao sasa wananipita barabarani bila salamu. Lakini kuzalisha mtafundishwa na watu wengi. Ngozi ya mzee hakuna anayeifundisha, na kwa sababu ya ngozi ya bibi mmoja, mimi Felista nilikaribia kuvunja ndoa ya mwanamke asiye na kosa lolote. Nitawasimulia, ila mnivumilie nianzie mbali kidogo. Mimi hata sokoni sijawahi kwenda moja kwa moja.

Nilifika Mingoyo nikiwa na cheti kipya, gauni jeupe lililopigwa wanga, na mdomo. Hapo zahanati nilimkuta Mzee Nandonde. Yeye alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda. Shule aliishia darasa la nne, na vidonda alianza kuvifunga kabla mimi sijazaliwa. Alichemsha vyombo, alikata shashi, aliosha majeraha ya watu kwa mikono myepesi ajabu, na masihara hayakumwisha mdomoni. Mgonjwa akianza kupiga kelele, humwambia, "Lia taratibu, babu, mimi bado hata sijakugusa." Kwa macho yangu ya wakati ule, alikuwa mfagiaji aliyepewa mkasi.

Wiki yangu ya pili akaja babu mmoja mkulima wa korosho, amejikwaruza mkono. Kidonda kilikuwa kidogo. Nikakibandika plasta kubwa, ile nyeupe ya kitambaa, nikaikandamiza ishike vizuri. Aliporudi baada ya siku tatu niliivuta kwa mkupuo mmoja, kama tunavyowafanyia watoto ili wasiumie mara mbili. Plasta ikatoka, na ngozi ikatoka nayo, kipande cha ukubwa wa jani la mchicha. Babu wa watu hakupiga hata kelele. Alinitazama tu, akasema, "Binti, umenichuna." Nilitamani ardhi ipasuke.

Mzee Nandonde alileta beseni la maji ya uvuguvugu, akaketi na yule babu kwa muda mrefu, akailowesha ile ngozi iliyosinyaa na kuirudishia mahali pake kwa pamba iliyoloweshwa maji, milimita kwa milimita. Akaifunika kwa shashi yenye mafuta na kuizungushia bandeji. Hakutumia gundi ya aina yoyote. Babu alipoondoka, Mzee Nandonde alinionyesha mkono wake mwenyewe. Aliivuta ngozi ya nyuma ya kiganja kwa vidole viwili, akaiachia, nayo ikabaki imesimama kidogo kabla ya kujilaza.

"Nesi, unaona hii?" aliniambia. "Ya kwako ni nene, chini yake kuna mafuta na nyuzi za kuishikilia. Vile vishipa vidogo vya damu, vyembamba kuliko unywele, vimelala humo kama mayai kwenye majani makavu. Mtu akizeeka, majani yanapungua. Mayai yanabaki yamelala patupu. Ukiyagusa tu, yamepasuka."

Nilimsikiliza kwa sikio moja. La pili lilikuwa linajiuliza dresa wa darasa la nne kayapata wapi hayo. Miaka ilipopita nikapelekwa semina Lindi mjini, na daktari aliyevaa tai akasema mambo yaleyale, akaongeza habari ya presha. Alisema presha ikikaa juu muda mrefu, kuta za mishipa midogo hunenepa na kukakamaa, njia ya damu inakuwa nyembamba, na vile vidogo kabisa vingine huziba na kupotea. Mimi nilielewa nilipoufikiria mpira wa baiskeli uliosahauliwa juani, unavyokuwa mgumu na kupasuka ukiubana. Ndiyo maana miguu ya mzee mwenye presha inakuwa ya baridi, na kakidonda ka muundi ambako kwa kijana kangepona ndani ya wiki, kwake kanakaa mpaka mvua zinaanza na kuisha. Nandonde alikuwa ameniambia nusu ya semina bure, na hakunipa soda wala biskuti.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipotufikia huku kusini. Nyuma yake kidogo tu, sabuni ya kuogea ilikuwa habari ya kusimuliana. Mara tukaona kila kitu kinashushwa pale Mingoyo, kwa kuwa ni njia panda: mitumba, redio kaseti, betri, sufuria za kung'aa. Wanunuzi binafsi wa korosho wakaja na malori yao. Na dawa nazo zikaanza kuuzwa madukani katikati ya biskuti na viberiti. Mtu akiumwa magoti hakuja tena kwetu. Alinunua aspirini na kuzitafuna kama karanga.

Sisi zahanati neema hiyo ilituchelewea. Tulikuwa na mashine moja ya presha, ile ya zebaki, na mkanda wake ulikuwa umechoka kuliko mimi nilivyo leo. Kile kishikizo cha kunata kilikuwa kimekufa, hivyo nilikuwa nauzungushia kipande chembamba cha kanga na kupiga fundo. Mpira wa ndani ulivuja. Fundi baiskeli aliutia kiraka, ukaendelea kuvuja ila kwa adabu zaidi. Ili niwahi kusoma kabla upepo haujaisha, niliujaza mpaka juu kabisa, na nisiposikia vizuri nilirudia palepale, mara tatu, hata nne. Nilijiona fundi kwelikweli.

Kila Alhamisi niliibeba mashine hiyo kwenda kwa Binti Chande, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Alikuwa bibi mkongwe, mwembamba, mwenye presha na magoti yaliyogoma, kwa hiyo zahanati ndiyo iliyomwendea. Aliishi na mwanawe Bakari, mfanyabiashara wa mitumba aliyekuwa hakauki njia ya Dar es Salaam, na mkewe Bakari, Siwema, mwenyeji wa Kiswere. Watoto walikuwa wawili, wa pili bado ananyonya. Siwema ndiye aliyemwogesha mkwewe, akamlisha na kumtoa nje kuota jua. Alikuwa mkimya sana mbele yangu. Mimi ukimya wa mtu nilikuwa nautafsiri ninavyotaka.

"Shikamoo, Bibi," nilikuwa namsalimu.

"Marahaba, mjukuu wangu wa Newala. Umekuja kuninyonga mkono?"

Kila Alhamisi alinipokea hivyo, na kila Alhamisi nilicheka. Likumbukeni hilo.

Siku moja alipopandisha mkono wa gauni, nikaona mabaka. Yalikuwa ya rangi ya zambarau, mengine makubwa kama sarafu, yametapakaa kwenye mkono wa kushoto kuanzia juu kidogo ya kiwiko kushuka chini. Nikashika kifua.

"Bibi, nani kakufanya hivi?"

"Sijui, mjukuu wangu. Naamka nayo tu."

Jirani aliyekuwa amekuja kuomba moto akadakia palepale, "Wanga hao, Nesi. Wanamfinya akilala." Nikamcheka. Nikampa na hotuba fupi juu ya watu wa zamani na imani zao. Mimi msomi, uchawi siukubali! Basi nikageuka kumtafuta mchawi mwenye miguu miwili. Siwema akaingia na bakuli la uji, akamshika mkwewe mkononi kumwinua, na mikono yake ilikuwa imara, ya mtu anayetwanga kila siku. Kichwani mwangu kesi ikawa imekwisha.

Nilisubiri atoke, nikamnong'oneza bibi, "Anakupiga?"

"Nani, Siwema? Wee! Siwema ananiogesha kama kichanga. Toka hapa na maneno yako."

Mtu mwingine angelielewa hilo jibu. Mimi nilikuwa nimesikia kwenye semina kwamba wazee wanaonyanyaswa huficha kwa woga, kwa hiyo kadiri alivyomtetea, ndivyo nilivyozidi kuamini. Yule bibi hakuwa na jibu ambalo lingeniridhisha. Na kumwuliza Siwema mwenyewe hakukunipitia akilini hata kidogo.

Wiki hiyohiyo nikakutana na Bakari njia panda anashusha marobota. Nikamwambia maneno sita tu: "Bakari, mwangalie mkeo, mama yako anafinywa." Halafu nikaendelea na safari yangu ya kununua nyanya.

Bakari alimpenda mama yake kupita kiasi. Kila safari alimletea kitu: shuka, marashi, kopo kubwa la vidonge vya magoti. Siku ile alikwenda nyumbani, akaufunua mkono wa mama yake, akayaona mabaka, na hakuuliza tena. Aliwaita wajomba zake kutoka Rutamba waje kwenye kikao Alhamisi inayofuata, baada ya alasiri. Mingoyo yote ikajua kwamba kikao hicho ni cha talaka. Siwema angerudishwa kwao Kiswere. Mtoto mkubwa angebaki kwa baba, mdogo angekwenda na mama mpaka atakapoachishwa ziwa. Nami, Mungu anisamehe, nililala usingizi mnono nikijua nimemwokoa bibi wa watu.

Jumatano Siwema alikuja zahanati na mtoto wake mkubwa aliyekanyaga kigae. Mzee Nandonde akamsafisha mtoto, na niliona wanaongea muda mrefu, yule mwanamke ameinamisha kichwa. Nilipita karibu yao nimebinua midomo. Walinyamaza.

Kesho yake nilipoichukua mashine, Mzee Nandonde akaninyang'anya sanduku. "Leo nakusindikiza, Nesi. Nina neno na watani zangu." Hapo niwaeleze: ukoo wake na ukoo wa Bakari walikuwa watani. Walizikana, walitukanana, walinyang'anyana vitu mchana kweupe, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Jambo ambalo mtu mwingine akilisema panazuka ugomvi, mtani analisema na bado anapewa kahawa.

Tulikuta wajomba wawili mkekani, Bakari katikati yao amenuna, redio yake mpya ya kaseti pembeni na viatu vyake vya Dar vimepangwa mlangoni. Binti Chande alikuwa kwenye kiti chake. Siwema aliketi chini karibu na mlango wa ndani, na nyuma yake niliona furushi lililokwisha kufungwa.

"Hodi, wafiwa!" Mzee Nandonde akapaza sauti. "Nasikia mnafukuza mtu. Nimekuja kuchukua kitanda chake."

"We mtani," mjomba mkubwa akasema, "leo si siku ya utani."

"Siku ya utani ni ipi? Mpaka mfe? Basi fanyeni haraka, jeneza nitawachongea mwenyewe." Binti Chande akacheka mpaka akakohoa. Nandonde akaketi bila kukaribishwa. "Kabla hamjaanza, Nesi ampime bibi. Leo ni Alhamisi, na kazi ya serikali haisubiri talaka. Bibi, nipe mikono yote miwili."

Akaifunua. Wa kushoto ulikuwa na mabaka tele. Wa kulia ulikuwa na doa moja tu dogo karibu na kidole gumba.

"Ajabu," akasema. "Huyo mpigaji wenu ana ugomvi na mkono wa kushoto peke yake. Nesi, wewe hupima mkono upi?"

"Wa kushoto," nikajibu, na hapo ndipo jasho la kwanza liliponitoka.

"Leo pima wa kulia. Pima hivyohivyo unavyopimaga. Usibadili kitu."

Nikafunga mkanda kwa kile kikanga changu, nikapiga fundo. Nikajaza upepo mpaka juu. Ukavuja. Nikajaza tena. Mtoto akalia, sikusikia vizuri, nikajaza mara ya tatu. Watu wote wananitazama mikono. Nilipomaliza, Mzee Nandonde akaomba kahawa. Kahawa ikazunguka pole pole, akasimulia kisa cha mbuzi aliyekula kanzu ya mtu, na alipomaliza akasema, "Bibi, pandisha tena huo mkono."

Chini ya mahali palipofungwa mkanda, ngozi ilikuwa imejaa vidoti vyekundu vidogovidogo, kama aliyenyunyiziwa pilipili ya unga. Na pale lilipokaa fundo langu, baka la zambarau lilikuwa limekwisha kutokeza. Nandonde akachukua bilauri, akavikandamiza vidoti kwa kitako cha bilauri hiyo. Havikufutika.

"Damu hii imeshatoka kwenye vishipa," akawaambia wajomba. "Haiwezi kurudi. Sasa sikilizeni. Mtu akipigwa anavimba, anaumia, na baka lake leo la bluu, keshokutwa kijani, halafu njano. Hapa mnaona uvimbe? Bibi, panauma?"

"Hapaumi," akasema Binti Chande. "Lakini si nilimwambia? Kila akija nilimwuliza, umekuja kuninyonga mkono? Akawa anacheka."

Wajomba wakaangua kicheko. Watatu tu hatukucheka: mimi, Bakari na Siwema.

"Mlikuwa mnatafuta mchawi," Nandonde akaendelea. "Huyu hapa. Kavaa gauni jeupe na anakunywa kahawa yenu. Haya, leteni na hilo kopo lililo chini ya kitanda."

Kopo likaletwa. Zilikuwa aspirini, zimebaki kidogo. Bibi alikuwa anatafuna nne, tano kwa siku, magoti yakizidi anaongeza. Nandonde akalitikisa. "Dawa hii inafanya damu isigande upesi. Nani anamnunulia?" Bakari akaangalia mkeka. "Haya nihesabieni. Ngozi ya uzee ipo. Presha ipo. Vidonge vya mwanawe vipo. Fundo la Nesi lipo. Siwema yuko wapi hapo?"

Mjomba mkubwa alivua kofia akaivaa tena. Nandonde akasema kwamba aliyegundua mambo hayo si yeye. Ni Siwema aliyehesabu siku. Ndiye anayemwogesha bibi, na aliona kwamba mabaka mapya huja Alhamisi jioni, na ikifika Jumatano mkono unakuwa umeanza kupoa. Kwa kuwa mkwe hapewi nafasi ya kusema kwenye kikao cha wakubwa, alimpelekea maneno yake mtani.

Kisha Mzee Nandonde akanyanyuka, akaichukua redio ya Bakari, akavipachika vile viatu vya Dar kwapani. "Hivi nimekamata," akasema. "Atakaponiambia Siwema kwamba kakusamehe, nitavirudisha. Akichelewa, navivaa kwenye sikukuu." Ndiyo haki ya mtani. Siwema hakuwa na haraka. Kwa siku sita Bakari alitembea njia panda na kandambili zenye rangi mbili, watu wanamwuliza habari za Dar, na kila nilipomwona nilijificha nyuma ya mtu, maana mimi ndiye niliyepaswa kuvuliwa viatu kwanza.

Jioni ileile ya kikao nilimfuata Siwema uani. Alikuwa anafungua furushi na kukunja kanga zake moja moja.

"Siwema, nisamehe," nikamwambia.

Akaendelea kukunja. Kisha akasema bila kupandisha sauti, "Nesi, umekuja humu ndani kila Alhamisi. Nimekupa kiti, nimekupa maji ya kunywa. Ukamwuliza mama. Ukamwambia mume wangu. Mimi hukuniuliza hata siku moja."

Nililia, tena kwa sauti, na cheti changu chote.

"Ungeniuliza ningekwambia tangu mwanzo," akasema. Akachagua kanga moja iliyochakaa, pana na laini, akaniwekea mapajani. "Chukua. Hiki kikamba chako kinakata ngozi. Fungia kitu kipana mpaka mpate mkanda mwingine."

Mkanda mwingine uliletwa na Bakari, safari iliyofuata, umefungwa kwenye gazeti, hata kabla idara ya afya haijajibu barua yetu ya kuomba mpya. Aspirini tulimwachisha Binti Chande, magoti tukayakanda kwa maji ya moto, na mabaka yakapungua ingawa hayakwisha. Aliishi miaka mingine mingi. Aliendelea kunipokea kwa salamu ileile, na mimi nilikuwa nakwenda kwanza jikoni kumsalimu Siwema.

Kwa hiyo, vijana wangu, mkipima presha ya mzee, tafuteni mkanda unaomtosha, ulazeni bapa, msifunge fundo. Sikilizeni mapigo kwa vidole kwanza, jazeni mpaka yapotee na kuzidisha kidogo tu, na mkikosea achieni upepo wote, mkono upumzike kabla ya kurudia. Plasta msiivute, ilowesheni mpaka ijitoe yenyewe. Mgonjwa aje na mfuko wa dawa zake zote, hata za dukani na za mwanawe, lakini dawa aliyoandikiwa na daktari msimwachishe kwa akili yenu. Na msije mkasema Nesi Felista kawaambia kila baka ni la uzee. Wazee wanapigwa, nimeona kwa macho yangu. Penye uvimbe, penye maumivu, penye alama za vidole, usoni, masikioni, msifumbe macho. Ulizeni. Ila muwaulize wote, kila mmoja peke yake, na mkae msikilize jibu.

Siku hizi naishi Mtanda, Lindi mjini, kwa mwanangu. Presha ninayo mwenyewe, na ukucha wangu nikiubonyeza namaliza bismillahi na sala ya Baba Yetu nusu. Mikono yangu imeanza mabaka. Nikigusa tu ukingo wa meza, limetoka. Mke wa mwanangu, Tumaini, ni mtoto mzuri, na nimegundua kwamba wageni wakija huniletea sweta la mikono mirefu hata kukiwa na joto la kuchemsha maji. Nikadhani ananionea huruma ya baridi.

Mwezi uliopita Siwema alikuja kunitembelea kutoka Mingoyo. Naye ni bibi sasa, ana wajukuu sita na sauti kubwa, ule ukimya aliuacha zamani. Tulikuwa tunacheka habari za Bakari na kandambili zake. Nikasahau, nikakunja mikono ya sweta. Wakati uleule Tumaini akaingia na sinia la chai. Aliyaona macho ya Siwema yametua kwenye mabaka yangu, akasimama palepale, vikombe vinagongana kwenye sinia.

Siwema hakuniuliza kitu. Alinyanyuka, akampokea Tumaini lile sinia, akaliweka mezani, akamshika mkono.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe ndiye unayemwogesha?"

"Ndiyo, mama," Tumaini akajibu, na machozi yakaanza kumlengalenga.

"Basi kaa hapa karibu yangu, unieleze wewe. Huyu tutamsikiliza baadaye."